Kuzuru Bunge la Uingereza, Westminster: mwongozo kamili wa kuingia, kutembea na kusikiliza mjadala

Watu wengi kutoka kwetu wakifika London huishia darajani. Wanasimama juu ya mto Thames, wanaipiga picha saa kubwa, wanaendelea na safari. Ni hasara, kwa sababu jengo lililo chini ya saa hiyo lina mlango, mlango huo huwapokea watu wa nchi zote, na kukaa jukwaani kusikiliza mjadala hakuna kiingilio. Huhitaji kumjua mbunge, wala huhitaji kuwa raia wa Uingereza.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki jengo hili lina uzito wa pekee. Humu ndimo zilimopitishwa sheria za uhuru wetu: ya Tanganyika mwaka 1961, ya Uganda 1962, za Kenya na Zanzibar 1963. Humu pia, mwaka 1871, ilikaa kamati teule ya kuchunguza biashara ya watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki, na miaka miwili baadaye Sultani Barghash akatia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Halafu taratibu nyingi tunazoziona Dodoma na Nairobi, kuanzia siwa (fimbo ya mamlaka ya Bunge) hadi kiti cha Spika, zilianzia hapa. Kwa hiyo ninakusihi usije kama mpita njia. Njoo kama mtu anayejua Bunge ni nini, na panga ziara yako ili ulione likifanya kazi.

Kwanza amua: mjadala au vyumba?

Hili ndilo jambo la msingi, na ndilo linalowakosesha wengi. Kuna ziara za aina mbili, na mara nyingi haziwezekani siku moja.

Ya kwanza ni kukaa katika jukwaa la wageni na kusikiliza. Hii hufanyika siku ambazo Bunge linakaa. Ni bure, lakini hutaruhusiwa kutembea kila mahali; utapita njia ya wageni hadi jukwaani, utasikiliza, utatoka.

Ya pili ni ziara ya jengo, ya kulipia, ama ukiwa na mwongozaji kwa muda wa kama saa moja na nusu, ama ukiwa na kifaa cha kusikilizia maelezo masikioni. Hapo unatembea katika kumbi za mabaraza yote mawili, unapita jirani kabisa na kiti cha enzi, unaona picha na sanamu kwa karibu. Ziara hizi hufanyika hasa siku za Jumamosi na siku za katikati ya wiki Bunge likiwa likizo. Ukumbi utauona vizuri, ila mabenchi yatakuwa matupu.

Ukiwa na siku moja tu, ushauri wangu ni kuchukua mjadala. Nakshi za ukuta utaziona hata kwenye picha, lakini kumwona waziri akibanwa kwa maswali na mbunge wa chama chake mwenyewe, huku umekaa juu yake, ni jambo la kushuhudia kwa macho. Ukiwa na siku mbili, weka mjadala siku ya kazi na ziara ya jengo Jumamosi.

Chagua siku na saa

Bunge la Uingereza lina mabaraza mawili: Baraza la Makabwela, lenye wabunge 650 wa kuchaguliwa, na Baraza la Malodi, ambalo wajumbe wake hawachaguliwi na wananchi. Kila moja lina ratiba yake. Saa zifuatazo ni za London, nazitaja kwa hesabu yetu ya Kiswahili.

Baraza la Makabwela huanza saa nane na nusu mchana siku ya Jumatatu, saa tano na nusu asubuhi Jumanne na Jumatano, na saa tatu na nusu asubuhi siku ya Alhamisi. Ijumaa hukaa baadhi ya wiki tu. Malodi huanza saa nane na nusu mchana Jumatatu na Jumanne, saa tisa alasiri Jumatano, na saa tano asubuhi Alhamisi.

Kila siku huanza na sala, na wageni hawaruhusiwi jukwaani wakati wa sala. Kisha hufuata maswali kwa mawaziri, halafu hoja na miswada. Maswali kwa Waziri Mkuu huwa Jumatano saa sita kamili mchana, kama vile Dodoma yanavyokuwa Alhamisi. Hiyo ndiyo nusu saa inayotakwa na kila mtu, na nafasi hutolewa kwanza kwa wakazi wa Uingereza waliopata tiketi kupitia kwa wabunge wao. Mgeni wa kutoka nje anaingia tu nafasi ikibaki, na mara nyingi haibaki. Usiijengee safari yako juu ya nusu saa hiyo. Jumatatu jioni, au Jumanne baada ya saa kumi na moja, foleni huwa fupi na mjadala mara nyingi ni mzito zaidi, maana watu wanajadili sheria yenyewe.

Angalia pia likizo za Bunge. Wabunge hupumzika wakati wa Krismasi, kidogo mwezi Februari, Pasaka, mwishoni mwa Mei, na kipindi kirefu kuanzia mwishoni mwa Julai. Septemba hurudi kwa muda mfupi, kisha huondoka tena kwa mikutano mikuu ya vyama. Mtu anayekuja Agosti kumtembelea ndugu yake hatakuta mjadala wowote, basi huyo achukue ziara ya jengo.

Usiku wa kuamkia siku yako, fungua tovuti rasmi ya Bunge hilo, parliament.uk, utazame orodha ya shughuli za kesho. Ukijua mapema kwamba kitakachojadiliwa ni muswada wa nyumba za kupanga au bajeti ya ulinzi, utafuata maneno kwa urahisi. Ukiingia bila kujua, dakika kumi za kwanza utakuwa unauliza wanazungumzia nini.

Tiketi

Kwa jukwaa la wageni, mgeni wa nje hana haja ya tiketi. Anapanga foleni. Mchana kwa Makabwela unaweza kungoja saa moja hata mbili. Kwa Malodi kwa kawaida foleni ni fupi. Ukiona ya Makabwela imezidi, waulize walinzi kuhusu Malodi, uingie huko kwanza.

Kwa ziara ya jengo, nunua tiketi mapema kwenye tovuti rasmi. Epuka mawakala wa mtandaoni wanaouza kitu kile kile kwa bei ya juu. Unapokata tiketi, angalia lugha za kifaa cha kusikilizia. Kiingereza, Kifaransa na lugha kadhaa za Ulaya zimo, Kiswahili hakimo. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaosoma Kifaransa kwa wepesi zaidi wachukue hicho.

Hapa niseme neno kwa wanaoishi Uingereza. Mkazi anaweza kumwandikia mbunge wa eneo lake akaomba ziara ya jengo bila malipo, au tiketi ya maswali ya Waziri Mkuu. Kuna foleni ndefu ya maombi, kwa hiyo andika miezi kadhaa kabla. Tena raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa huko. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamo katika kundi hilo. Wapo watu wetu waliokaa Reading au Leicester miaka mingi bila kujua haki hii, wakimwona mbunge kama kiongozi wa watu wengine. Ni mbunge wako. Mwandikie.

Cha kubeba, cha kuacha

Beba mkoba mdogo. Hakuna mahali pa kuhifadhi masanduku ya safari, na ukija na sanduku moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege utarudishwa mlangoni. Visu, hata vya kumenyea matunda, mikasi na makopo ya kupuliza manukato viache unakolala. Beba kitambulisho au pasi yako ya kusafiria kwa usalama wako mwenyewe.

Nguo za kawaida za heshima zinatosha. Hijabu, kanzu, kitenge, vyote sawa. Usivae fulana yenye maneno ya kisiasa wala kubeba bango, kwa sababu vitu hivyo haviruhusiwi jukwaani. Viatu viwe vya kutembelea, na hata mwezi wa Mei chukua sweta: ukumbi wa kwanza utakaoingia ni wa mawe matupu, na ubaridi wake unapenya.

Mwenye pasi ya nchi zetu anahitaji viza ya Uingereza kabla ya safari, na hiyo ina utaratibu wake mrefu ambao si wa mwongozo huu.

Kufika

Kituo cha treni za chini ya ardhi kinaitwa Westminster, na kinahudumiwa na njia tatu: Jubilee, District na Circle. Ukipanda ngazi kutoka kituoni utakutana na mnara wa saa uso kwa uso. Kutoka stesheni za Waterloo, Charing Cross au Victoria unaweza kutembea kwa miguu.

Lango la wageni linaitwa Cromwell Green. Ukiwa na mnara wa saa nyuma yako, fuata uzio wa jengo hadi uione sanamu ya Oliver Cromwell ameshika upanga na Biblia. Njia ya kuteremkia ipo hapo pembeni. Wenye viti vya magurudumu na wazee wasioweza kusimama muda mrefu wawaambie wahudumu mapema, kuna njia zisizo na ngazi na watu wa kuwasaidia.

Ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege. Mkoba unapita kwenye mashine, wewe unapita mlango wa kukagua vyuma, unapigwa picha, unapewa kitambulisho cha mgeni cha kuvaa shingoni. Kivae hadi unatoka. Walinzi wana adabu na wanajibu maswali, waulize bila woga.

Westminster Hall: usipite mbio

Baada ya ukaguzi unaingia katika ukumbi mkubwa wa mawe. Wengi hudhani ni sebule ya kupitia, wakaelekea moja kwa moja jukwaani. Simama kwanza.

Ukumbi huu ulianza kutumika mwaka 1099, chini ya mfalme William wa Pili. Una urefu wa kama mita 73 na upana wa mita 20, na hauna nguzo hata moja katikati. Inua macho uone sababu. Paa la mbao za mwaloni lilianza kujengwa mwaka 1393 kwa amri ya mfalme Richard wa Pili, chini ya fundi seremala Hugh Herland. Mihimili inatokeza kutoka ukutani, inabebana yenyewe kwa yenyewe hadi juu, na kwenye ncha zake kuna malaika waliochongwa. Fundi yeyote wa mbao atakayesimama pale atataka kulala chali sakafuni aitazame kazi hiyo vizuri.

Paa hilo limeponea chupuchupu mara mbili. Tarehe 16 Oktoba 1834 wafanyakazi walichoma vijiti vya mbao vya zamani, ambavyo Hazina ilivitumia kuwekea hesabu, katika tanuri zilizokuwa chini ya Baraza la Malodi. Moto ukazidi nguvu ya mabomba ya moshi, na usiku huo karibu ikulu yote ya kale ikateketea (jengo hili la Bunge huitwa pia ikulu ya Westminster). Ukumbi huu ukaokolewa. Mara ya pili ni usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 1941, mabomu ya Wajerumani yalipowasha moto huku na huku. Maji hayakutosha kuzima kote. Ikabidi kuchagua, wakauokoa ukumbi wa kale na kuuacha ukumbi wa Makabwela uungue. Sioni kosa katika uchaguzi huo.

Sasa tazama sakafuni. Kuna vibao vya shaba vinavyoonyesha yaliyotokea hapo, maana kwa karne nyingi ukumbi huu ulikuwa mahakama. Hapa alihukumiwa Thomas More mwaka 1535, hapa walihukumiwa Guy Fawkes na wenzake mwaka 1606 kwa njama ya kulilipua Bunge kwa baruti, na hapa, mwaka 1649, alihukumiwa kifo mfalme mwenyewe, Charles wa Kwanza. Tafuta kibao chake kwenye ngazi za upande wa kusini. Mfalme alisimamishwa mbele ya raia zake akaulizwa kwa mamlaka gani aliyatenda aliyoyatenda. Naye akakataa kuitambua mahakama hiyo.

Nelson Mandela alihutubia mabaraza yote mawili katika ukumbi huu mwezi Julai 1996. Septemba 2022 mwili wa Malkia Elizabeth wa Pili uliwekwa hapa, watu wakapanga foleni ya kilomita kadhaa kando ya mto kuja kuuaga.

Picha zinaruhusiwa katika ukumbi huu na katika ukumbi wa St Stephen unaofuata. Mbele ya hapo weka simu mfukoni.

Kutoka St Stephen hadi ukumbi wa kati

Ukipanda ngazi za kusini, juu ya upinde wa kuingilia St Stephen utaona diski za vioo vya rangi zinazowaka taratibu. Ni kazi ya msanii Mary Branson iliyowekwa mwaka 2016 kuwakumbuka wanawake waliopigania haki ya kura, na mwanga wake hubadilika kufuatana na kupwa na kujaa kwa mto Thames. Watu wa pwani wataielewa upesi.

Ukumbi wa St Stephen upo pale lilipokuwa kanisa la mfalme, ambamo Makabwela walikaa kwa karibu miaka 300 kabla ya moto wa 1834. Walikaa kwenye viti vya wanakwaya, safu mbili zikitazamana. Hapo ndipo ulipotoka mtindo wa serikali na upinzani kukaa wakikabiliana, badala ya nusu duara kama ilivyo Dodoma. Alama za shaba sakafuni zinaonyesha mahali kiti cha Spika kilipokuwa. Kati ya sanamu za upande mmoja yuko Lodi Falkland, mwanasiasa wa karne ya 17. Mwaka 1909 mwanamke mpigania kura alijifunga kwa mnyororo kwenye sanamu hiyo, na walipomkata mnyororo kikavunjika kichokoo cha kiatu cha sanamu, kile cha kumchochea farasi. Hakikutengenezwa hadi leo. Mtafute.

Kisha unafika katika ukumbi wa kati wenye pembe nane. Upande mmoja ni njia ya Makabwela, wa pili njia ya Malodi. Hapa mwananchi yeyote anaweza kuja kuomba kumwona mbunge wake; anajaza kadi ya kijani, mhudumu anaipeleka ndani. Mbunge halazimiki kutoka, lakini wengi hutoka. Ukiwa na bahati ya kuwa hapo dakika chache kabla kikao hakijaanza, utauona msafara wa Spika ukipita: Mpambe mbele na siwa begani, Spika nyuma yake na joho jeusi, na ofisa wa polisi akipaza sauti, "Kofia chini, wageni!" Aliyewahi kuona Spika akiingia Bungeni Dodoma atatambua kila hatua.

Jukwaani: jinsi ya kufuata mjadala

Jukwaa la wageni linamtazama Spika moja kwa moja, na kati yako na wabunge kuna ukuta wa kioo. Kaa kimya, zima simu, usipige makofi, usiwapungie mkono. Ukitaka kutoka, toka taratibu.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni udogo wa ukumbi. Wabunge ni 650 na nafasi za kukaa ni 427. Walipoujenga upya baada ya vita, ukafunguliwa mwaka 1950, Churchill alisisitiza ubaki mdogo na wenye pande mbili zinazotazamana, ili mjadala mkubwa uwe na msongamano na joto. Wabunge hawana meza wala vipaza sauti mbele yao kama wenzao wa Dodoma. Vipaza sauti vinaning'inia kutoka darini. Kwa kuwa hakuna meza za kugonga, wanaunga mkono kwa mngurumo wa sauti. Samani nyingi ni zawadi za nchi za Jumuiya ya Madola: kiti cha Spika kilitoka Australia, meza kubwa ya katikati Canada, milango India na Pakistan.

Sasa soma ukumbi. Serikali inakaa kuliani kwa Spika, yaani kushotoni kwako. Upinzani upande wa pili. Mawaziri na mawaziri vivuli wako benchi za mbele. Siwa ikiwa juu ya meza, Baraza limekaa. Ikishushwa chini ya meza, limegeuka Kamati ya Bunge zima, kama ilivyo kwetu. Kwenye zulia kuna mistari miwili myekundu, na mbunge anayezungumza hapaswi kuuvuka wa upande wake. Mapokeo yanasema umbali kati ya mistari hiyo ni urefu wa panga mbili na zaidi, ili mtu asimfikie mwenzake kwa upanga.

Utaona wabunge wakiinuka na kukaa, wakiinuka na kukaa. Wanaomba Spika awaone awape nafasi. Hawatajani kwa majina, wanasema "mheshimiwa mbunge wa" mahali fulani, na kila neno wanamwambia Spika. Skrini ndogo zinaonyesha nani anazungumza, basi zitumie.

Kengele ikilia jengo zima, ni kura. Wabunge wana dakika nane za kufika kutoka popote walipo, kisha milango inafungwa. Wanapita kwa miguu, wanaokubali njia moja na wanaokataa njia nyingine, wakihesabiwa wanapotoka. Ukipata bahati ya kuona kura, usiondoke. Mjadala wote wa mchana unageuka kuwa namba mbili, na hapo ndipo utajua serikali ina nguvu kiasi gani.

Kama foleni imekushinda kabisa, kuna kamati. Vikao vingi vya kamati huwa wazi kwa umma, vingine ndani ya ikulu, vingine katika jengo la Portcullis House lililo juu ya kituo cha treni. Unakaa mita chache tu nyuma ya shahidi anayehojiwa, na mara nyingi chumba kina nafasi. Mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari, mtumishi wa asasi ya kiraia: kwako mimi ningeanza hapa.

Upande wa Malodi, na ziara ya jengo

Kwa aliyechukua ziara ya jengo, njia hupitia upande wa mfalme. Jengo unaloliona ni kazi ya Charles Barry, aliyeshinda mashindano ya usanifu baada ya moto, na Augustus Pugin, aliyechora karibu kila kitu cha ndani: karatasi za ukuta, vigae, vitasa vya milango, hata mahali pa kuwekea wino. Ujenzi ulianza mwaka 1840. Ukumbi wa Malodi, wenye mabenchi mekundu na kiti cha enzi kilichopakwa dhahabu, ndio kilele cha kazi yake. Mbele ya kiti hicho kuna benchi kubwa jekundu lililojazwa sufu, anapokaa Spika wa Malodi, kumbukumbu ya zama ambazo utajiri wa Uingereza ulitokana na manyoya ya kondoo.

Mwongozaji atakuonyesha pia mlango wa Makabwela. Mfalme afunguapo Bunge hukaa upande wa Malodi, akamtuma mjumbe kuwaita Makabwela. Mjumbe akikaribia anafungiwa mlango usoni, naye anagonga mara tatu. Chanzo chake ni Januari 1642, pale Charles wa Kwanza alipoingia na askari kuwakamata wabunge watano. Spika William Lenthall alipoulizwa wako wapi, alipiga magoti akajibu kwamba hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kwa maagizo ya Baraza lake. Tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia aliyeingia humo kikao kikiendelea. Na miaka saba baadaye mfalme yule yule alihukumiwa katika ukumbi ule wa mawe ulioanzia ziara. Kila Spika wa nchi zetu ningependa asimuliwe kisa hiki siku anayoapishwa.

Mnara wa saa

Big Ben ni jina la kengele, yenye uzito wa tani 13.7, mnara unaitwa Elizabeth Tower tangu 2012, nao una urefu wa mita 96. Kupanda kunahitaji tiketi ya pekee, na tiketi hizo huisha haraka mno zinapotolewa, miezi kadhaa kabla. Ngazi za mzunguko ni zaidi ya 290, watoto chini ya miaka 11 hawapandi. Mwenye shida ya moyo, magoti au kizunguzungu asijaribu. Kengele ilipata ufa mwaka ule ule wa 1859 ilipoanza kulia. Wakaigeuza kidogo, wakaweka nyundo nyepesi, na inalia na ufa wake mpaka sasa.

Ukishatoka

Usiondoke eneo hilo mara moja. Katika bustani ya Victoria Tower, upande wa kusini wa jengo, kuna mnara mdogo wa rangi wa Buxton, ukumbusho wa kukomeshwa kwa utumwa katika himaya ya Uingereza. Katika uwanja wa mbele ya Bunge zimesimama sanamu za Mandela, Gandhi na Millicent Fawcett, mpigania haki ya kura ya wanawake.

Ng'ambo ya barabara ni kanisa la Westminster Abbey. Katikati ya sakafu yake amezikwa David Livingstone, na jiwe la kaburi linasema aliletwa na mikono yenye uaminifu kuvuka nchi na bahari. Mikono hiyo ni ya Chuma, Susi na wenzao, waliobeba mwili wake kwa miguu kutoka kijiji alikofia, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo mwaka 1874. Majina yao hayamo kwenye jiwe, basi mwenye watoto awatajie pale pale.

Abbey ina kiingilio kwa watalii na Jumapili haipokei watalii. Ibada za jioni zenye kwaya hazina malipo, ila anayeingia kwa ibada hatembezwi makaburini. Anayetaka kuliona jiwe la Livingstone akate tiketi ya mchana, kwa siku tofauti na ile ya Bunge ikiwezekana, maana miguu itakuwa imechoka.